TUSIMSINGIZIE MUNGU BREKI ILIYOLEGEA

Tahariri



Mtu asafiriye kutoka Singida mjini kuelekea Nzega hupita Iguguno, hufika Misigiri inapoachana njia ya Kiomboi, na baada ya mwendo mfupi hujikuta ukingoni mwa uwanda wetu wa juu. Mbele yake ardhi inakatika. Chini kabisa limetandazwa bonde la Wembere, na barabara inajikunja ikishuka kuelekea Shelui. Mahali hapo ndipo Sekenke. Wazee wa Iramba wakilitaja jina hilo hukumbuka dhahabu, kwa maana machimbo yake yalianza enzi za Wajerumani, na dhahabu iliyotoka huko ndiyo iliyotumika mwaka 1916 kutengeneza sarafu za dhahabu mjini Tabora. Madereva wa malori wakilitaja jina hilo hilo hukumbuka jambo jingine. Tangu enzi ya barabara ya vumbi hadi leo tunapotembea juu ya lami, Sekenke ni mlima wa kushukwa kwa hofu.

Barabara hii si yetu peke yetu. Ni njia ya mizigo itokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Malori yanayotoka bandarini yakiwa yamesheheni hufika Sekenke upande wa kushuka. Kwa hiyo uzito wote wa saruji, mafuta, mabati na ngano huelekea chini, ambako ndugu zetu wanaishi, wanachunga, na wanauza kuku na vitunguu kando ya njia.

Kila lori linaposhindwa kusimama, kengele hulia, watu hukusanyika, na mtu mmoja husimama penye jeneza akasema: kazi ya Mungu haina makosa. Nami nimeyasikia maneno hayo mara nyingi, na kwa muda mrefu niliyaitikia kwa kutikisa kichwa. Leo napenda tuyatafakari upya. Ni kweli kabisa, kazi ya Mungu haina makosa. Lakini kazi ya binadamu inayo. Breki ya lori ni kazi ya binadamu. Tukimbebesha Mungu kosa ambalo spana na nusu saa ya uangalifu vingeweza kulizuia, tunamsingizia, na tena tunamwachia mwenye kosa aende zake akapakie safari nyingine.

TUONE

Siku moja, nikirudi kutoka kuadhimisha Misa kigangoni, nilisimama juu ya mlima mahali madereva wanapopumzikia. Nilimkuta dereva wa makamo amelala chali chini ya tela, mikono imejaa grisi. Nilimsalimu, nikamwuliza kama gari limeharibika. "Halijaharibika, Baba," akanijibu, "nakagua lisije likaharibika huko chini." Nikamwambia kwamba nilidhani breki za gari zimo mguuni mwa dereva. Akacheka, akatoka uvunguni, akasema: "Mguuni kuna amri tu. Breki zenyewe ziko huku chini, mahali ambapo tajiri hajawahi kuinama."

Maneno yale yalinifundisha zaidi ya vitabu vingi, na baadaye nilijitahidi kuelewa alichokuwa akikitazama. Naomba msomaji anivumilie nieleze, kwa maana haki haiwezi kudaiwa na mtu asiyejua kinachodaiwa.

Malori makubwa hutumia breki za upepo. Injini huendesha kompresa, kompresa hushindilia hewa ndani ya mitungi ya chuma, na hewa hiyo hukaa kwa mgandamizo wa paundi 100 hadi 120 hivi kwa kila inchi ya mraba, yaani mara tatu au nne ya upepo ulio ndani ya gurudumu la gari dogo. Baina ya kichwa cha lori na tela hupita paipu mbili. Ile nyekundu hupeleka upepo wa akiba kwenye mitungi ya tela. Ile ya njano hupeleka amri ya dereva anapokanyaga. Amri ikifika, upepo huingia katika chemba iliyo karibu na kila gurudumu, husukuma fimbo ya chuma, fimbo huzungusha mkono mfupi, na mkono huo hupanua viatu vya breki hadi vikagusa drami inayozunguka pamoja na gurudumu. Kugusana huko ndiko kunakolisimamisha lori.

Asili ya ubunifu huu ni reli. Mmarekani George Westinghouse alipata hati ya breki yake ya kwanza ya upepo mwaka 1869. Ilikuwa na kasoro moja kubwa: paipu ikipasuka, breki zinapotea. Mwaka 1872 akaigeuza kanuni yenyewe, akabuni mtambo ambao upepo ukipotea katika paipu, breki hujifunga zenyewe. Matela ya leo yamerithi busara hiyo. Paipu nyekundu ikikatika, tela linapaswa kujifunga. Aidha, katika chemba nyingi imo springi yenye nguvu ambayo upepo huizuia isikaze; upepo ukiisha, springi hukaza breki na gari halisogei. Kwa maneno mengine, wabunifu walifikiri juu ya udhaifu wetu, wakatengeneza chombo ambacho kikipungukiwa kinasimama.

Hapo ndipo linapoingia kosa la binadamu. Chemba ikivuja, gari hukataa kuondoka. Badala ya kununua chemba nyingine, wapo wanaoikaza ile springi kwa bolti ili isifanye kazi. Wapo wanaoikunja paipu ya gurudumu moja na kuifunga kwa waya ili upepo usipotee. Wapo wanaofunga upepo wa tela lote ili viatu vya breki visilike, wakaacha breki za kichwa peke yake zibebe mzigo wa magari mawili. Chombo kilichoumbwa kisimame kikiugua, tunakilazimisha kitembee kikiugua.

Kuna ugonjwa mwingine ulio wa siri zaidi, nao ndio aliokuwa akiutafuta yule dereva. Viatu vya breki hulika kidogo kidogo kila siku. Vikilika, nafasi baina yake na drami huongezeka, na ile fimbo ya chemba hulazimika kusafiri mbali zaidi kabla breki haijashika. Fimbo ina mwisho wa urefu wake. Katika tambarare ya Manyoni dereva hawezi kulitambua tatizo hili: geji inaonyesha upepo umejaa, mguu unakanyaga vizuri, lori linasimama. Lakini mlimani drami hupata moto, na chuma kikipata moto hutanuka. Drami ikitanuka husogea mbali na viatu. Fimbo inafika mwisho wake, na viatu havigusi tena kwa nguvu. Hapo dereva ana upepo tele, wala hana breki. Hata ile springi ya dharura haiwezi kumwokoa, kwa kuwa nayo husukuma fimbo ile ile.

Tuupime moto huo kwa mfano wa jikoni. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, inayotumika nchini mwetu tangu mwaka 2019, inaruhusu lori pamoja na tela lake uzito usiozidi tani 56. Lori la uzito huo likishuka mita 100 tu za kimo huku likizuiwa kwa breki peke yake, joto linalozaliwa linatosha kuchemsha maji ya baridi ya ndoo nane za lita 20. Joto lote hilo linaingia katika drami chache za chuma. Ikiwa nusu ya breki za tela zimefungwa au zimelegea, zile chache zilizobaki huungua kwa niaba ya wenzake, hadi nazo zikashindwa. Hali kadhalika mwendo: lori likienda kasi maradufu, kazi ya kulisimamisha huwa mara nne, si mara mbili.

Mambo haya si nadharia. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu katika mkoa jirani wa Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima ilirudi nyuma kwa kasi isiyozuilika, ikagongana na treni ya mizigo, na watu 281 wakapoteza maisha. Tarehe 24 Februari 2024, eneo la Ngaramtoni nje ya mji wa Arusha, lori lililoshindwa breki liliyagonga magari mengine, na watu 25 wakafariki. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani huko Kenya, lori la tela liliacha barabara likawavamia wachuuzi na abiria waliokuwa kando, na waliokufa walizidi 50. Wengi wa marehemu wa Londiani hawakuwa safarini. Walikuwa kazini, wakiuza bidhaa, kama mama zetu wanavyouza kando ya barabara yetu.

TUAMUE

Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, imo sheria juu ya ng'ombe mwenye kupiga pembe. Ng'ombe akimwua mtu bila kutazamiwa, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini ikiwa ng'ombe huyo alijulikana kuwa na tabia hiyo, na mwenyewe alionywa asimfunge, basi damu ya aliyekufa iko juu ya mwenye ng'ombe. Sisi wafugaji wa Singida hatuhitaji kufafanuliwa sheria hii. Nayo Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, yamwagiza mwenye kujenga nyumba aweke ukingo juu ya dari yake, asije mtu akaanguka na nyumba ikapata hatia ya damu. Sheria hizi mbili zinakataa udhuru ule ule: kwamba sikukusudia. Mwenye ng'ombe hakukusudia. Mwenye nyumba hakukusudia. Lakini alijua, au alipaswa kujua, naye alikuwa na uwezo wa kuzuia.

Tela lenye breki zilizolegea ni ng'ombe aliyejulikana. Mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililoshughulikia uchungaji wa wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wa kichungaji juu ya barabara, na ndani yake amri kumi kwa waendeshaji. Ya kwanza ni ile ile ya Sinai inayokataza kuua. Ya kumi inatudai tujione kuwa tunawajibika kwa wenzetu. Basi tujiulize bila woga: nani anawajibika kwa breki za tela?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kichwa cha lori kina dereva wake, anakifahamu kama mkulima anavyolifahamu jembe lake. Tela lina namba yake ya usajili, lakini mara nyingi halina mtu wake. Leo linavutwa na kichwa hiki, kesho na kile. Dereva aliyelipokea jioni hajui nani alilirekebisha mara ya mwisho, wala kama lilirekebishwa. Fundi husema dereva hakumweleza. Dereva husema tajiri hakutoa fedha za vipuri. Tajiri husema ana meneja. Meneja husema gari lilikaguliwa, lina stika. Mkaguzi husema siku aliyoliona lilikuwa zima. Kila mmoja ana jibu, na kila jibu lina ukweli kidogo. Wajibu uliogawanywa namna hiyo hupotea, na tela hubaki yatima. Anayelipa ni mtoto aliyekuwa akivuka barabara Shelui.

Haifai tumtupie dereva lawama zote, ingawa ndiye anayekamatwa kwanza akipona. Wapo madereva wazembe, wapo walevi, wapo wanaoshuka mlima kwa gia huru ili kuokoa mafuta wakayauze; hao tunawaambia waziwazi kwamba wanauza roho za watu kwa lita chache. Lakini wapo wengi zaidi walio kama yule niliyemkuta uvunguni, wanaojua ubaya wa tela na hawana nguvu ya kulikataa. Dereva asiye na mkataba akisema, "Gari hili siendi nalo," wapo kumi langoni watakaosema, "Mimi nitakwenda." Mwaka 2015 madereva wa nchi hii waligoma, na miongoni mwa madai yao ilikuwa mikataba ya ajira. Walio wengi kati yetu tuliona usumbufu wa stendi tu. Tungaliona pia kwamba mkataba wa dereva ni sehemu ya breki, kwa sababu mtu anayeweza kukataa bila kufukuzwa ndiye anayeweza kulisimamisha lori bovu kabla halijaondoka.

Tumsikilize mwenye mali pia, maana haki ina masikio mawili. Atasema vipuri ni ghali, mteja anataka mzigo wake ufike upesi, na jirani yake anachukua mzigo kwa bei ya chini. Maneno hayo ni ya kweli, nayo yanatufunulia jambo zito. Tajiri mwema anayebadilisha viatu vya breki kwa wakati hana budi kudai nauli kubwa kidogo. Tajiri mbaya asiyebadilisha humshinda sokoni. Hivyo basi, pasipo ukaguzi wa kweli, uovu hupata faida na wema hupata hasara. Ukaguzi mkali siyo adui wa mfanyabiashara mwaminifu. Ndiyo ngome yake pekee.

Na ukaguzi wenyewe? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu kutembea barabarani, nayo Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ipo tangu mwaka 2019. Sheria hatujakosa. Tunachokosa mara nyingi ni mtu wa kuinama. Mizani hupima uzito wa lori, haipimi uwezo wa kuusimamisha uzito huo. Stika iliyobandikwa kwenye kioo haijui kilichoko uvunguni. Na mkaguzi anayepokea noti iliyokunjwa ndani ya leseni, akapiga honi ya ruhusa kwa mkono wake, ajue kwamba hakuuza ruhusa tu. Ameuza ule ukingo wa dari ambao Mungu aliagiza uwekwe.

Tusijisahau sisi wenyewe. Lori likianguka, wapo miongoni mwetu, hata wenye rozari shingoni, wanaokimbia na madumu kabla ya kukimbia na machela. Tarehe 10 Agosti 2019, mjini Morogoro, zaidi ya watu 100 walikufa kwa moto baada ya lori la mafuta kupinduka na umati kukusanyika kuchota. Na hata pasipo moto, kumpora dereva anayelia chini ya usukani ni dhambi inayotunyima haki ya kumnyoshea tajiri kidole.

TUTENDE

Tume ya Haki na Amani haina spana wala karakana. Inayo sauti, na inayo Jumuiya Ndogo Ndogo zilizoenea toka Manyoni hadi Shelui. Kwa hiyo twapendekeza mambo yafuatayo, yote yakiwa ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, madereva wetu Wakristo na mafundi wetu waijue na waifundishe kanuni ya ukaguzi kabla ya safari na tena kabla ya mlima. Magurudumu yazuiwe kwa vigingi, gari lisije likamsogelea aliye uvunguni. Mitungi ijazwe upepo, kisha injini izimwe, breki ikanyagwe na kushikiliwa kwa dakika moja. Kwa lori lenye tela geji isishuke zaidi ya paundi 4. Sikio lisikilize: upepo unaovuja husema wenyewe. Kengele au taa ya onyo iamke kabla upepo haujashuka chini ya paundi 60. Maji yaliyokusanyika katika mitungi yatolewe. Paipu mbili zikaguliwe mahali zinapoungana na tela, na mipira yake isiwe imepasuka. Kisha, breki zikiwa zimeachiwa, ule mkono mfupi wa kila gurudumu uvutwe kwa nguvu ya mkono. Ukisogea zaidi ya sentimita 2.5 hivi, breki hiyo imelegea na haifai kwenda mlimani hadi irekebishwe. Ikiwa mkono ni wa aina inayojirekebisha yenyewe na bado umelegea, kuukaza kwa spana ni kuficha ugonjwa. Fundi atafute sababu. Mwisho, vigingi viondolewe, breki za tela peke yake zifungwe, na kichwa kijaribu kuvuta taratibu. Tela likivutika, safari isianze. Yote haya hayazidi nusu saa.

Pili, dereva aingie mlimani akiwa tayari ameweka gia ndogo, maana injini ndiyo breki ya kwanza ya mteremko. Breki za miguu zitumike kwa vipindi: akanyage kwa uthabiti hadi mwendo upungue kwa kilomita 8 hivi kwa saa, kisha aachie drami zipumue. Kuishikilia breki njia nzima ni kuichoma. Kushuka kwa gia huru ni kumjaribu Mungu.

Tatu, wenye malori walio waamini wetu, na wapo, wampe kila tela mtu wake. Liwepo daftari la kila tela, si la kila kichwa tu, lenye tarehe ya marekebisho, kazi iliyofanyika na sahihi ya aliyeifanya. Na dereva akiandika kwamba tela halifai, maandiko yake yaheshimiwe wala yasigharimu ajira yake. Tajiri anayetoa fungu la kumi na huku tela lake limefungwa springi kwa bolti, aache kwanza sadaka yake altareni, akanunue chemba.

Nne, serikali za vijiji vilivyo chini ya mteremko na penye kona zifikirie upya mahali pa magenge na minada. Twajua kwamba mama anauza mahali magari yanapopunguza mwendo. Lakini mahali ambapo lori zima hupunguza mwendo ndipo lori bovu linapowafikia watu. Halmashauri ya walei ikae na wenyeviti wa vijiji, itafutwe sehemu yenye nafasi, mbali na ukingo wa lami, na ombi la alama na vizuizi lipelekwe kwa wahusika kwa maandishi.

Tano, tuache kunyamaza. Aonaye lori linashuka huku tela linatoa moshi magurudumuni, au asikiaye kwamba breki zimefungwa kwa makusudi, aandike namba ya kichwa na namba ya tela, atoe taarifa polisi na LATRA. Ofisi ya parokia iwe tayari kumsaidia asiyejua kuandika. Kufanya hivyo si uchongezi. Ni kumfunga ng'ombe kabla hajaua.

Sita, na hili latuhusu hata sisi mapadre na makatekista. Penye mazishi ya waliouawa na lori, tusiseme haraka kwamba ni mapenzi ya Mungu. Tuwafariji wafiwa, tuwaombee marehemu, kisha tuulize kwa upole na kwa uthabiti: breki zilikuwaje? Nani alizikagua? Lini? Wafiwa wasaidiwe kufuatilia uchunguzi na fidia zao wanazostahili kisheria, maana wengi wao huishia kupokea sanda na gunia la mchele, wakatiwa sahihi karatasi wasiyoisoma.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Katika Jumuiya yetu, ni nani aliye dereva, utingo, fundi au mwenye lori? Je, tumewahi kumwuliza juu ya mazingira ya kazi yake, au tunamwomba michango tu?

2. Mara ya mwisho ajali ilipotokea karibu nasi, sisi tulikimbilia nini kwanza?

3. Ni jambo gani jingine katika kijiji chetu ambalo tumezoea kuliita mapenzi ya Mungu, ingawa liko ndani ya uwezo wetu kulizuia?

Siku ile pale mlimani, yule dereva alipomaliza alifuta mikono kwa kitambaa, akaomba baraka. Nilimbariki yeye, nikalibariki na tela. Alikuwa amekuta mikono miwili imelegea, naye amekwisha kuikaza. Akaniambia: "Sasa Baba, sala yako imekuta kazi imefanyika." Akawasha injini, akangoja upepo ujae, akaingiza gia ndogo, akashuka polepole. Nilisimama nikamtazama hadi alipofika chini, akapita penye magenge, hakuna aliyegeuka kumtazama. Watu waliendelea kuuza kuku wao.

Hiyo ndiyo amani tunayoiomba na kuitafuta: lori lipite, na pasiwe na habari.